Katalizeri iliyochoka: kushinda jaribio la moshi si mwisho wa kazi



Kwenye ukurasa huu wa usalama tunasema mara nyingi juu ya kofia, viatu, mikanda na baruti. Hivi ni vitu vya kuonekana kwa macho. Leo tutafundishana juu ya kitu kisichoonekana: hewa mbaya inayotoka katika bomba la moshi la motokari na la mashine za shimoni. Tena tutasema juu ya kile kisanduku cha chuma kinachosafisha moshi huo. Mafundi wanakiita katalizeri.

Kwa nini fundisho hili? Kwa sababu motokari nyingi tunazonunua zimekwisha kufanya kazi miaka mingi Ulaya au Japani kabla ya kufika kwetu. Katalizeri zake zimechoka. Nyingine hazimo tena: zimekatwa na kuuzwa. Na kwa sababu shimoni mashine ya mazutu yenye katalizeri mbovu inawapa sumu watu wote wa posti moja, hata yule asiyeigusa.

1. GAZI TATU ZA KUOGOPA

Mashine ya esanse ikiwaka, moshi wake una gazi nyingi. Tushike tatu.

Ya kwanza ni CO, yaani monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mama anaijua bila kujua jina lake: ni ile ile inayotoka katika mbabula ya makala, na inayoua watu waliofunga mlango na dirisha wakalala na moto ndani. CO inashikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Damu ikijaa CO, haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, magoti yanalegea. Halafu analala, na pengine haamki tena.

Ya pili ni esanse isiyoungua vizuri. Inatoka pamoja na moshi na inachoma macho na koo.

Ya tatu ni oksidi za nitrojeni. Moja kati yao, NO2, ina hila mbaya. Mtu akiivuta nyingi, anaweza kukohoa kidogo, akapata nafuu, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Saa nyingi baadaye, hata usiku, mapafu yanajaa maji. Kwa hiyo aliyevuta moshi mwingi aende kwa dakitari siku ile ile, hata akijisikia mzima.

2. KAZI YA KATALIZERI

Fungua katalizeri kwa mawazo tu, si kwa msumeno! Ndani utaona kitu kama sega la nyuki, lenye matundu madogo mengi sana. Sega hilo ni la udongo uliochomwa, au la chuma chembamba. Juu yake wamepaka tabaka nyembamba yenye madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Madini hayo yanachimbwa na wachimbaji kama sisi, zaidi huko Afrika ya Kusini na Urusi.

Moshi ukipita katika matundu hayo, madini yanasaidia gazi kubadilika. CO inageuka kuwa gazi ile tunayotoa tukipumua. Esanse isiyoungua inageuka kuwa gazi hiyo pamoja na mvuke wa maji. Oksidi za nitrojeni zinageuka kuwa nitrojeni, ambayo imejaa hewani tangu zamani. Madini yenyewe hayaliwi katika kazi hiyo. Ndiyo maana katalizeri nzuri inaweza kudumu miaka mingi.

Lakini katalizeri ina masharti mawili. Sharti la kwanza: lazima ipate joto. Chini ya digri 250 au 300 hivi, haifanyi kazi. Sharti la pili: mashine lazima ichanganye hewa na esanse kwa kipimo chake, yaani kilo 14,7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Kuna kijiti kinachopima oksijeni katika bomba, sonda lambda, nacho kinaambia kompyuta ya motokari kama esanse imezidi au imepungua. Sonda ikisema uwongo, katalizeri nzuri itaonekana mbovu.

Kazi hii haikuanza jana. Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry alitengeneza katalizeri za moshi huko Marekani katika miaka ya 1950. Serikali ya Marekani ilitunga sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na kuanzia motokari za mwaka 1975 katalizeri zikawekwa kwa wingi. Ulaya ilifuata kwa nguvu kuanzia mwaka 1992 na 1993. Esanse ya risasi ilikuwa adui mkubwa, kwa sababu risasi inafunika madini na kuyaua. Nchi nyingi za Afrika ziliiacha mpaka mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa motokari, Algeria, ilimaliza mwaka 2021.

3. KATALIZERI INACHOKA NAMNA GANI?

Kuna magonjwa manne.

a) Sumu. Mashine inayokula mafuta ya kulainisha inapeleka fosfori na zinki katika sega. Maji ya radiatere yakivuja ndani ya mashine yanafanya uharibifu kama huo.

b) Homa. Bujii mbovu ikikosa kuwasha, esanse mbichi inafika katika katalizeri na kuungulia humo. Joto likipita digri 900 hivi, chembe za madini zinaungana na kupungua nguvu. Likizidi sana, sega lenyewe linayeyuka na kuziba.

c) Pigo. Jiwe la barabarani au shimo linavunja sega. Ukigonga kisanduku kwa mpira, utasikia vipande vinacheza ndani.

d) Uzee. Hata bila ugonjwa, kilometa zikiwa nyingi, nguvu inapungua kidogo kidogo.

Angalia basi: magonjwa mawili ya kwanza yanatoka katika mashine, si katika katalizeri. Anayebadilisha katalizeri bila kuponya mashine ataua na ile mpya.

4. JARIBIO LA MOSHI LINAFANYWA NAMNA GANI?

Tuchukue mifano miwili ya nchi zenye sheria kali.

Ulaya, mkaguzi anaingiza mrija katika bomba la moshi, mashine ikiwa ya moto. Kwa motokari za esanse zilizotoka tangu katikati ya mwaka 2002, kama aliyeitengeneza hakuandika kipimo kingine, CO isipite 0,3% mashine ikiwa ralanti, na isipite 0,2% ikizunguka mara 2.000 au zaidi kwa dakika. Kwa zile za zamani zenye katalizeri ni 0,5% na 0,3%. Kipimo cha lambda kiwe kati ya 0,97 na 1,03.

California, Marekani, walianza jaribio lao mwaka 1984. Motokari nyingi za kabla ya mwaka 2000 zinapimwa moshi wake. Katika miji mikubwa zinapimwa magurudumu yakizunguka juu ya mapipa, ili mashine ifanye kazi kweli. Zile za mwaka 2000 na kuendelea zinaulizwa kwa kompyuta. Kompyuta hiyo inalinganisha sonda mbili, moja mbele ya katalizeri na moja nyuma yake. Katalizeri nzuri inatunza oksijeni, basi sonda ya nyuma inatulia. Iliyochoka haitunzi kitu. Sonda ya nyuma inacheza kama ile ya mbele. Hapo taa ya njano inawaka, na kompyuta inaandika alama P0420.

5. NJIA YA HAKI YA KUSHINDA JARIBIO

Tuseme baba mmoja ana motokari ya zamani. Jaribio limekaribia, au taa ya njano imewaka. Fundi wa kando ya njia anamwambia: «Katalizeri imekufa, nunua nyingine.» Asitoe pesa upesi! Afuate hatua hizi kwa mpango.

Kwanza: atafute kama bomba lina tundu. Hewa ikiingia mbele ya sonda, sonda inadanganyika. Kuziba tundu ni kazi ya bei ndogo.

Pili: aangalie bujii, nyaya zake na filtre ya hewa. Mashine isikose kuwaka hata mara moja. Taa ya njano ikiwaka na kuzimika upesi upesi, ni alama kwamba katalizeri inaungua sasa hivi: apunguze mwendo na asimame.

Tatu: aangalie kama mashine inapata joto lake. Termostati iliyobaki wazi inaacha mashine baridi, na kompyuta inazidisha esanse.

Nne: apime sonda ya mbele. Sonda ya zamani inajibu polepole.

Tano: abadilishe mafuta ya mashine kama yamechakaa. Mafuta yaliyonywa esanse yanatoa mvuke wake, na mvuke huo unarudi kuungua katika mashine.

Sita: siku ya jaribio, aendeshe dakika 20 hivi kwa mwendo mzuri kabla ya kufika, wala asizime mashine muda mrefu akingoja zamu. Katalizeri ya uzee wa kadiri inaanguka mara nyingi kwa sababu ya baridi tu. Huu si udanganyifu: jaribio lenyewe linataka mashine ya moto.

Saba: asitoe waya wa batri ili kufuta alama asubuhi ya jaribio. Kompyuta ikifutwa, inaandika kwamba uchunguzi wake wa ndani haujakwisha, na mkaguzi anaona. Motokari inarudishwa. Inafaa kutengeneza kwanza, kisha kuendesha siku kadhaa, mjini na njia kuu, mpaka uchunguzi umalizike.

Baada ya hatua hizi zote, kama alama inarudi, basi ni katalizeri kweli. Hapo anunue.

6. KUNUNUA KATALIZERI ISIYO YA KIWANDA CHA MOTOKARI

Ile ya kiwanda ina bei kali. Nyingine zinazotengenezwa na viwanda vingine zina bei ndogo. Je, ni mbaya? Hapana, si zote. Lakini bei ndogo sana ina sababu yake: madini ya thamani yamewekwa kidogo. Katalizeri ya namna hiyo inaweza kushinda jaribio mwezi wa kwanza na kuanguka mwaka unaofuata.

Ndiyo maana California haikubali kila katalizeri. Tangu mwaka 2009 inadai kanuni kali zaidi kwa zile za kubadilisha: idumu miaka 5 au maili 50.000, yaani kilometa 80.000 hivi, na iwe na namba ya ruhusa iliyopigwa juu ya chuma chake. Namba hiyo inafaa kwa aina fulani ya motokari na mashine tu. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani ni nyepesi: kwa kazi ya kusafisha, maili 25.000. Hivyo katalizeri mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na nguvu mbalimbali kabisa.

Mnunuzi aulize maneno matatu: Inafaa kwa mashine yangu, kwa ukubwa wake na mwaka wake? Ina alama ya ruhusa, ya nchi gani? Muuzaji anatoa ahadi ya miezi mingapi kwa maandishi? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza silensie tu.

7. UDANGANYIFU NA MATUNDA YAKE

Wako mafundi wanaosogeza sonda ya nyuma kwa kipande cha chuma ili isione moshi vizuri. Wengine wanaandika upya kompyuta ili taa isiwake kamwe. Wengine wanatoboa sega na kurudisha kisanduku kitupu, kizuri kwa nje. Marekani kuondoa au kuharibu chombo hicho ni kosa mbele ya sheria. Lakini hata pasipo polisi, tuulize: nani amedanganywa? Mkaguzi amedanganywa dakika kumi. Watoto wanaokaa kiti cha nyuma, kama bomba linavuja chini yao, wanadanganywa kila siku.

Tena kuna biashara ya kukata katalizeri kwa ajili ya madini yake. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitangaza kwamba motokari milioni 14 zilizotumika ziliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na nyingi zilikuja Afrika. Mwaka huo huo wakaguzi wa Uholanzi walichunguza motokari zinazokuja kwetu Afrika. Katika baadhi yake, katalizeri ilikuwa imekatwa na mahali pake pamewekwa bomba la chuma. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kulipa, inama uangalie chini ya motokari. Na akija mtu kukuambia: «Nipe kile kisanduku, hakina kazi, nitakupa pesa,» ujue kwamba anajua bei yake kuliko wewe.

Usikate katalizeri kwa msumeno. Vumbi la ndani na nyuzi zinazofunga sega ni vibaya kwa mapafu. Usiiguse ikiwa ya moto. Na wakati wa kiangazi usisimamishe motokari juu ya majani makavu: joto la chini yake linaweza kuwasha moto.

8. SHIMONI: HAPA NDIPO HATARI KUBWA

Mashine zetu za kuchota na kubeba mawe shimoni zinakula mazutu. Katalizeri yake si sawa na ya esanse. Inapunguza CO, mafuta yasiyoungua na harufu. Masizi mengi yanapita, na oksidi za nitrojeni zinabaki. Nyingine zenye platini nyingi zinaweza hata kuongeza NO2. Kwa hiyo katalizeri haichukui nafasi ya ventilatere. Hewa ya kutosha kwanza, mashine nzima pili, katalizeri tatu.

Masizi ya mazutu si uchafu wa nguo tu. Mwezi wa 6, mwaka 2012, shirika la dunia la kuchunguza kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka moshi wa mazutu katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa watu. Uchunguzi mmoja uliotangulia uamuzi huo ulifuata wafanya kazi 12.315 wa migodi 8 ya Marekani, na ulionyesha kwamba waliovuta moshi mwingi zaidi walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu.

Namna nzuri ya kupima ni hii. Mashine iwe ya moto. Ifanyishwe kazi nzito ya namna moja kila mara, si ralanti tu. CO ipimwe mbele ya katalizeri na nyuma yake, na namba zote mbili ziandikwe katika kitabu cha mashine. CO ya nyuma ikikaribia ya mbele, katalizeri imekufa. CO ya mbele ikipanda juma kwa juma, mashine yenyewe inaumwa: filtre ya hewa imeziba au enjektere zinamwaga vibaya. Namba moja peke yake haifundishi sana; namba za miezi mingi zinasema kweli.

Ole wa shefu anayesafisha mashine siku ya jaribio tu! Kuweka filtre mpya asubuhi, kupima saa nne, na kurudisha ile ya zamani jioni, ni kupima filtre, si kupima hewa wanayovuta watu.

Na mwendeshaji ana neno lake. Katika migodi ya chini ya Marekani isiyo ya makaa, sheria inataka kila mwendeshaji wa mashine ya mazutu apewe ruhusa ya kutundika kibao chenye tarehe juu ya mashine yake akiona alama ya ubovu, na mtu anayejua aichunguze upesi. Hili ni wazo jema popote. Wewe unayekaa kitini unaona wa kwanza moshi mweusi, nguvu iliyopungua, macho yanayowasha. Sema kwa shefu wako, na iandikwe. Kunyamaza si ushujaa.

9. MASWALI YA KUJIPIMA NYUMBANI

Baba asome, mama na watoto wajibu.

Swali: CO ina harufu gani?
Jibu: Haina. Harufu ya moshi ikikosekana, hatari inaweza kuwapo.

Swali: Taa ya njano imewaka na alama ni ya katalizeri. Tununue mara moja?
Jibu: Hapana. Tutafute kwanza tundu la bomba, bujii, termostati na sonda.

Swali: Tunaweza kuwasha motokari ndani ya garaje iliyofungwa asubuhi ya baridi, kwa kuwa ina katalizeri?
Jibu: Kamwe! Katalizeri baridi haifanyi kazi, na CO inajaa upesi. Tuisukume nje kwanza.

Swali: Mtu amezimia mahali penye moshi. Tufanye nini?
Jibu: Tusikimbilie ndani bila hewa, tusije tukaanguka wawili. Juu ya ardhi: tufungue milango, tuzime mashine, tumtoe nje, tumpeleke hospitali upesi. Shimoni: tutoe habari na tungoje watu wa uokozi wenye vyombo vya kupumulia.

Swali: Motokari imeshinda jaribio. Kazi imekwisha?
Jibu: Bado. Karatasi inasema juu ya siku moja. Mapafu yanapimwa kila siku.

Ndugu wafanya kazi, mkuu wa mashine anaweza kudanganywa, na mkaguzi wa barabarani pia. Damu haidanganywi. Tengeneza mashine, pima kwa haki, andika namba, sema unapoona ubovu. Hivyo utarudi nyumbani na pumzi yako yote.